Ya Chini Juu, ya Juu Chini

Kila aliyevaa meno ya bandia katika jiji lile, ajue asijue, meno yake yalipanda baiskeli kabla ya kuingia mdomoni. Yalipanda baiskeli ya Kengele. Jina alilopewa na wazazi wake lilibaki kwenye kitambulisho tu. Mtaani, kazini, hata nyumbani mkewe akipandwa na hasira, alikuwa Kengele. Alikuwa tarishi wa karakana ya meno. Kwa miaka ishirini na sita alibeba taya za plasta na ufizi wa rangi ya waridi kwenye mkoba wa ngozi uliolala kifuani, akitoka kwa fundi kwenda kwa daktari, na kwa daktari kurudi kwa fundi. Kengele yenyewe, ya chuma, ilifungwa kwenye usukani upande wa kulia. Aliipiga kwa kidole gumba tangu asubuhi mpaka jioni, penye mtu na pasipo mtu, na ndiyo iliyompa jina.

Sasa wewe usiyepanda baiskeli unaweza kudhani kazi ile ni ya miguu. Wapi. Miguu inasukuma tu. Katika jiji la namna ile, ambako basi husimama linapotaka na pikipiki hutokea hata barazani kwa watu, anayepita salama anapita kwa masikio. Kisogoni huna jicho. Kengele alilijua basi linalotaka kukata kushoto kwa jinsi injini inavyoshusha pumzi. Aliujua mlango wa gari unaokaribia kufunguliwa, kwa sababu kitasa hulia kidogo, tki, kabla mlango haujamkuta mtu. Lori lenye breki mbovu alilijua likiwa bado halijakata kona. Wenzake walipomuuliza amewezaje kumaliza miaka yote ile bila kuvunjika hata kidole, aliwajibu kwamba yeye anaendesha kwa masikio, macho amepewa ya kutazamia mkewe tu.

Basi masikio hayo ndiyo yaliyoanza kumtoroka.

Lilitangulia la kulia. Kwanza zilipotea sauti nyembamba: ndege wa alfajiri, mlio wa simu ya mkewe, ile tki ya kitasa. Halafu maneno ya watu yakawa yanamfikia yameliwa pembeni, na ilimbidi ayamalizie mwenyewe. Nyumbani redio ilipanda sauti kila wiki.

"Baba watoto," mkewe alimwambia jioni moja, "hiyo redio unamfungulia nani? Jirani kasema yeye redio yake kaizima, taarifa ya habari anaipata kwetu."

"Redio yenyewe imechoka."

"Redio haijachoka. Nenda kamwambie Fundi."

"Nitamwambia."

"Lini?"

"Nimekusikia, mama watoto."

Mkewe aliguna, akaenda kuizima mwenyewe. Alijua jibu lile lina maana gani. "Nimekusikia" ndilo lililokuwa koti la Kengele siku hizo, alilivaa kila alipokuwa hajasikia. Ukimsemesha, alikugeuzia upande wa kushoto kidogo, akakukazia macho midomoni, na kabla hujafunga mdomo alishasema nimekusikia. Watu walimwona msikivu mno. Mtu mzima anakutazama usoni hivyo ukiongea, nani asifurahi?

Kumwambia Fundi kulikuwa na mambo yake. Fundi, mwenye karakana, alikuwa mama wa miaka hamsini na kitu, mwembamba, mwenye miwani mbili, moja machoni na nyingine kichwani, na hakuwa na mchezo na kazi. Kabla ya Kengele alikuwa na tarishi mwingine, mwanamume mcheshi aliyeficha kwamba macho yanafifia, akaficha na kuficha, hadi siku lori lilipomfichua. Alipona, lakini mguu mmoja aliuacha hospitali. Fundi hakulisahau. Siku anamwajiri Kengele alimwambia neno moja tu: "Mwili ukikukatalia, kaka, njoo uniambie kwa mdomo wako. Nisiambiwe na barabara."

Kengele aliitikia, tena kwa moyo mweupe, kwa kuwa wakati ule mwili ulikuwa bado haujamkatalia kitu. Sasa ulikuwa unamkatalia, naye alijitia hamnazo. Hakuwa mtu mwongo. Aliogopa. Akishushwa kwenye baiskeli ile, atakuwa nani? Mzee wa kukaa kibarazani, kuulizwa kama amekula. Jambo hilo lilimtisha kuliko lori lolote. Akajipa moyo kwamba sikio la kushoto bado zima, na kwamba barabara anaijua kwa kichwa.

Kitu kimoja tu kilimuudhi. Watu wa jiji lile, alisema, wameota kiburi. Zamani ukipiga kengele mtu anahama, hata akitukana huku anahama. Siku hizi unapiga, mtu yuko katikati ya njia, hana habari. Unapiga tena, wala. "Wametia pamba masikioni," alimlalamikia mkewe. "Jiji zima limekuwa kiziwi." Mkewe alimtazama, akaenda kuipunguza redio.

Siku ya mambo ilikuwa Ijumaa.

Ili uelewe kilichotokea, yakupasa ujue lugha ya karakana ile. Daktari wao mkubwa alikuwa mmoja, ana kliniki mbili: moja kilimani, nyingine bondeni karibu na kituo cha mabasi. Karakanani ziliitwa Juu na Chini, basi. Na meno nayo, kama unavyojua, yana ya juu na ya chini. Wagonjwa walimfuata daktari popote atakapokuwa, kwa hiyo juu ya kisanduku iliandikwa namba ya mgonjwa tu, na kliniki Fundi aliitamka kwa mdomo. Aliyekuwa mgeni wa maneno yale alidhani wanatukanana. "Ya juu Juu," Fundi angesema, "ya chini Chini, na ile ya juu ya jana iende Chini." Kengele angerudia neno kwa neno, aondoke. Hiyo ilikuwa sheria, arudie. Kwa miaka ishirini na mitano alirudia. Ule wa ishirini na sita alikuwa anasema nimekusikia.

Asubuhi ile Fundi alikuwa kwenye mashine ya kusugulia, vumbi la waridi limemjaa hadi kwenye nyusi, na barakoa usoni. Alichukua seti ya meno ya chini, akapitisha kidole gumba pole pole ndani ya ufizi wake, akarudia, akarudia tena. Ndivyo alivyoimaliza kila seti, kwa gumba, kwa kuwa kijiba, kinundu ambacho jicho halikioni, humla mtu ufizi mpaka atoke damu. Siku hizi alirudia sana, akilalamika kwamba dawa zimemmaliza ngozi ya vidole. Aliporidhika aliitia kisandukuni, akasukuma visanduku viwili mbele ya Kengele.

"Leo yamepishana," alisema nyuma ya barakoa, mashine ikiunguruma. "Ya chini yaende Juu, ya juu yaende Chini. Na hayo ya chini ni ya Mwalimu, anayataka kabla ya saa nane. Umesikia?"

Kengele alitafuta midomo, akaona kitambaa. Masikio yalimletea chini, juu, juu, chini, na neno saa. Mengine aliyamalizia mwenyewe, kama alivyozoea: ya chini Chini, ya juu Juu, na usichelewe.

"Nimekusikia," alisema.

Fundi alimtupia jicho, akasubiri arudie. Mgeni akaingia mlangoni na maulizo yake, na Kengele akajichomokea.

Alianza na Chini, kwa kuwa ni mteremko. Saa nne na nusu jiji lilikuwa limechachamaa. Mabasi matatu yalikuwa yanagombania nafasi ya basi moja, mtu wa viti vya plastiki alivuka na viti kumi na viwili kichwani, taa za barabarani zilikuwa zinawaka rangi zote na askari amesimama chini yake akizipinga kwa mkono. Kengele alipenya. Hapo, nikwambie ukweli, alikuwa na raha. Mgongo ulijua lini uiname, goti lilijua lini litoke. Aligeuza shingo nyuma mara nyingi kuliko zamani, na shingo ilianza kumuuma, lakini kwa hilo aliulaumu mto wa kulalia. Gumba lilifanya kazi yake. Mama mmoja aliyesimama katikati ya njia akizungumza na simu hakuhama hata baada ya kengele ya tano. Kengele akamzunguka huku akitingisha kichwa.

Akaacha ya chini Chini. Akapanda kilima, jasho linamtiririka, akafikisha ya juu Juu saa sita na nusu.

Kwenye benchi la kliniki ya Juu alikuwa ameketi mzee mmoja, suti imepigwa pasi hadi inakata, karatasi zimekunjwa mkononi. Huyo ndiye Mwalimu. Siku ile alikuwa anastaafu baada ya miaka thelathini na tisa ubaoni; saa nane angesimama mbele ya shule nzima kuaga. Seti yake ya chini ilivunjika juzi, na ya zamani haikufaa tena. Mtu wa namna hiyo ukimpa kipaza sauti bila meno, unamvua nguo mbele ya watoto.

Dada wa mapokezi alifungua kisanduku, akasita. Mwalimu akachungulia, kisha akainua uso, akamwambia Kengele kitu.

Kengele alimkazia macho midomoni, na kwa mara ya kwanza midomo ilimnyima. Midomo isiyo na meno ya chini nyuma yake huingia ndani, kama mdomo wa mfuko uliovutwa kamba. Haikuwa na herufi hata moja. Mwalimu alisema tena, taratibu, na midomo ikaingia na kutoka bila kusema lolote.

"Nimekusikia, Mwalimu," Kengele alijibu kwa heshima zote.

Dada wa mapokezi akamgeukia.

"Baba, amekuuliza haya meno ni ya nani. Haya ni ya juu. Yake ni ya chini."

Kengele alihisi kijasho chembamba, si kile cha kilima. Chini, juu, juu, chini. Maneno yote yalikuwepo. Mpangilio ndio aliousuka yeye. Dada alipiga simu bondeni: ndiyo, ya chini yapo huku, na kuna bibi ameyajaribu yakakataa, analalamika. Tumwite mtu wa pikipiki, dada alisema, lakini wakati huo Kengele alikuwa ameshafika ngazi ya tatu, kisanduku mkononi.

Aliteremka kwa roho mkononi. Bondeni alibadilisha visanduku bila kumtazama bibi machoni, akasema samahani mara nne, akageuza. Saa saba na robo alikuwa anapanda tena, kisanduku cha Mwalimu mkobani, moyo unampiga kuliko pedali.

Katikati ya kilima njia ilikuwa nyembamba: magari yameegeshwa kulia, mtaro kushoto, na mbele yake mkokoteni umebeba magodoro yaliyopangwa hadi kimo cha ghorofa. Kengele alipiga kengele. Msukuma mkokoteni hakugeuka. Akapiga tena, kwa nguvu, gumba likasukuma mpaka mwisho. Hakuna. Ya tatu aliipiga kwa hasira. "Na huyu naye kiziwi," alisema, akachomoka kupita kushoto. Wakati huo huo msukuma mkokoteni aliona shimo, akaukwepesha mzigo wake kushoto.

Kengele alijikuta amelala ukingoni mwa mtaro, mikono miwili imekumbatia mkoba, goti limechubuka. Aliposhusha macho aliona tairi la basi limesimama shubiri moja kutoka kwenye gurudumu lake la nyuma. Utingo alikuwa ameinama dirishani, mdomo wazi, anapigapiga ubavu wa basi kwa kiganja. Kumbe basi lilikuwa nyuma yake muda wote. Kengele hakuwa na habari nalo.

Msukuma mkokoteni alikuja mbio, akamwinua. Alikuwa mtu mwenye mabega mapana na sauti nene, ile inayofika.

"Mzee wangu, pole. Lakini si ungepiga kengele?"

"Nimepiga mara tatu."

"Kengele gani?"

"Hii hapa." Kengele alisimamisha baiskeli, akapiga.

Yule mtu aliitazama, kisha akamtazama usoni. "Piga tena."

Akapiga.

"Unaisikia?"

"Naisikia," alisema Kengele.

Msukuma mkokoteni aligeuka kumtazama muuza miwani wa kando ya njia. Muuza miwani akatikisa kichwa. Hakuna aliyecheka, na hapo ndipo Kengele alipoanza kuogopa. Watu wa jiji lile huchekea hata msiba. Wakinyamaza, jambo ni zito.

Yule mtu alifungua kifuniko cha kengele kwa vidole, bila bisibisi, akamwonyesha. Kutu tupu. Ndani mle huwa mna kigurudumu kidogo chenye meno. Springi ikisukumwa, meno yanakamata, kengele inalia. Kigurudumu kilikuwa laini kama kifungo cha shati.

"Imeisha meno, mzee wangu. Zamani hii, si ya leo. Unasukuma springi tu."

Kengele alipiga tena, kifuniko kikiwa wazi. Springi ilimsukuma kidoleni vile vile kama siku zote. Na hakuwa amesema uongo, maana sisi katika lugha yetu husikia kwa kila kiungo: twasikia njaa tumboni, twasikia baridi mgongoni, harufu puani. Kengele alikuwa anaisikia kengele yake kwa kidole. Iliyobaki, ule mlio, aliumalizia mwenyewe kichwani, kama maneno ya Fundi. Miezi mingapi? Alimkumbuka mama wa simu asubuhi. Akawakumbuka wote aliowaita viziwi, mmoja mmoja, na aibu ikampanda kutoka gotini hadi usoni. Jiji lilikuwa zima na masikio yake. Yeye ndiye aliyekuwa anapita katikati yake akiwa kimya, na hasikii.

Hakupanda tena. Aliisukuma baiskeli kwa mkono mbio mbio, goti likimwaka, akigeuka nyuma kila hatua tano, akafika Juu saa nane kasoro dakika ishirini. Mwalimu aliyatia meno mdomoni, akayauma mara mbili, akapitisha ulimi, na uso wake ukarudi. Alizichukua karatasi zake, akasimama, akaenda mlangoni. Kisha akarudi, akasimama upande wa kushoto wa Kengele, karibu, akasema polepole huku midomo yake sasa ikisomeka kama ubao:

"Ndugu yangu, nimefundisha miaka thelathini na tisa. Mtoto asiyesikia ndiye anayewahi kusema nimesikia kuliko wote. Sikuwahi kumchapa kwa hilo. Nilimhamishia dawati la mbele."

Akamshika bega, akaenda kuaga shule yake.

Kengele alifika karakanani kwa miguu. Baiskeli, ambayo siku zote hulala nje, aliiingiza ndani akaiegemeza ukutani. Fundi alikuwa bado kwenye mashine, vumbi lile lile. Simu ya kliniki ilishampata, ilionekana kwenye nyusi. Kengele alikwenda moja kwa moja kwenye ukuta, akaizima swichi ya mashine, kitu ambacho hakuna aliyewahi kukifanya.

"Fundi, vua barakoa tafadhali."

Akaivua.

"Asubuhi sikukusikia," alisema Kengele. Neno lilikuwa dogo kuliko alivyodhani. "Na si asubuhi tu. Mwaka mzima sasa. Nakuambia kwa mdomo wangu, ingawa barabara imeniwahi kidogo."

Fundi alilitazama goti lake. Akaitazama baiskeli ukutani. Akageukia dirishani, akasema kitu akiwa amempa kisogo. Jana Kengele angeitikia.

"Sikusikia," alisema. "Geuka, nione mdomo wako."

Fundi akageuka, macho yamelowa, lakini hakulegeza.

"Nimesema, kesho uje kwa miguu."

Alilijua litakuja, na bado lilimkuta kama kofi. Alitazama usukani, mahali ambapo rangi imeliwa na mkono wake, akaona hata aibu ya kulia haina maana tena, akajipangusa kwa kiganja.

"Nije kufanya nini?"

Fundi alichukua seti ya juu iliyokuwa mezani, akamwekea mkononi.

"Pitisha gumba. Ndani, kwenye ufizi."

Kengele alipitisha kidole kile kile, kilichosukuma springi tangu baiskeli ilipokuwa mpya. Kilipita kwenye ulaini mtupu. Alifika nyuma, karibu na jino la mwisho.

"Unasikia kitu?"

Safari hii hakukimbilia kujibu. Alirudi nyuma, akapita tena polepole, akafumba macho. Palikuwa na kijiba, kidogo kuliko chembe ya chumvi.

"Nasikia," alisema. "Hapa."

Fundi aliweka gumba lake pale pale, akalisogeza huku na huku, akatikisa kichwa: yeye hakusikia kitu. Akamvutia Kengele kiti cha pili mezani, akachukua msasa.